Kununua Fedha Halisi kama Akiba: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Bei ya London hadi Siku ya Kuuza

Tarehe 28 Aprili 2011 wakia moja ya fedha, yaani yale madini meupe yanayoitwa silver kwa Kiingereza, ilipangiwa jijini London bei ya takriban dola 48.70 za Marekani. Kufikia Desemba 2015 wakia hiyohiyo ilikuwa chini ya dola 14, na aliyenunua katika kilele kile alilazimika kungoja hadi Oktoba 2025, zaidi ya miaka 14, ndipo aione bei yake ikirudi, na muda wote huo hakupokea riba wala gawio hata la senti moja. Mwingine aliyenunua Machi 2020, bei iliposhuka chini ya dola 12, aliiona ikipanda zaidi ya maradufu kabla ya katikati ya Agosti mwaka huohuo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua fedha yenyewe, sarafu au mikuo (vipande vya madini vilivyoyeyushwa na kupimwa uzito) ya kushika mkononi, na unashikilia jambo moja: bei ya dunia huna uwezo nayo, lakini pengo kati ya bei unayolipa na bei utakayolipwa unalipanga mwenyewe, na unalipanga siku ya kununua.

Hatua ya kwanza: Jua bei unayoisoma

Bei inayotajwa katika taarifa za habari ni dola kwa wakia moja ya madini, ambayo ni gramu 31.1035. Wakia ya kupimia vyakula ina gramu 28.35 tu, na tofauti hiyo ni mwanya unaopendwa na wauzaji wasio waaminifu, kwa kuwa ukiuziwa wakia ya vyakula kwa bei ya wakia ya madini umepunjwa karibu asilimia 9 kabla hata hujaanza kubishana juu ya usafi. Kwa hiyo zoea kuhesabu kwa gramu. Kilo moja ina wakia 32.15, kama wakia ni dola 50, bei nitakayoitumia hapa kwa wepesi wa hesabu tu, gramu moja ni dola 1.61 na kilo ni dola 1,607 na senti kidogo. Weka bei ya siku yako mahali pa hiyo 50.

Bei hiyo hutengenezwa hasa katika miji miwili. London huwa na mnada wa kielektroniki kila siku ya kazi saa sita mchana kwa saa za huko, ambao kwa saa za Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri Uingereza ikiwa katika majira ya baridi na saa nane mchana wakisogeza saa zao. Bei inayotoka hapo, inayojulikana kwa jina la LBMA, chama cha soko la dhahabu na fedha la London, ndiyo rejea ya mikataba mingi ya dunia. New York kuna soko la COMEX, ambako hununuliwa na kuuzwa mikataba ya baadaye, yaani ahadi za kukabidhiana madini siku ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo, ya wakia 5,000 kila mmoja, na wengi wa wanaoicheza hawana nia ya kuona hata gramu moja ya madini ikiwafikia. Bei inayobadilika kila sekunde kwenye simu yako hutokana kwa sehemu kubwa na shughuli za masoko haya mawili.

Kisha kuna shilingi. Mwisho wa Januari 2024 wakia ilikuwa karibu dola 23 na dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo wakia iligharimu kama shilingi 3,680. Mwisho wa Juni mwaka huohuo wakia ilikuwa imefika dola 29, ongezeko la asilimia 26, lakini shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu hadi karibu 129 kwa dola, na wakia ikawa na thamani ya kama shilingi 3,740. Aliyesoma vichwa vya habari aliona faida ya robo nzima. Aliyeweka akiba yake kwa shilingi aliona chini ya asilimia 2, kiasi kisichotosha hata kufidia tofauti ya bei ya dukani. Mambo huweza pia kwenda kinyume chake, shilingi ikadhoofika na mwenye fedha akapata faida ambayo soko la dunia halikuitoa. Ndiyo maana daftari lako linapaswa kuwa na safu tatu: bei kwa dola, kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo, na jumla kwa shilingi. Kwa aliye Tanzania, kumbuka kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo ya ndani kwa pesa za kigeni, hivyo muuzaji wa nchini anapaswa kukutajia shilingi, na ni kazi yako kuuliza ametumia kiwango gani kufika hapo.

Hatua ya pili: Elewa kinachoiyumbisha bei

Karibu robo tatu ya fedha inayochimbwa duniani haitoki katika migodi ya fedha. Hutoka pamoja na risasi, zinki, shaba na dhahabu, katika nchi kama Mexico, ambayo inaongoza kwa uzalishaji, na Peru, China na Bolivia. Watanzania wanao mfano wa nyumbani: makontena 277 ya makinikia yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017 yalikuwa na mchanga wa shaba na dhahabu kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na humohumo mlikuwa na fedha, ambayo kazi ya kuitenganisha ingefanyika mwishoni kabisa katika viwanda vya kuyeyushia madini vya nje ya nchi. Mgodi wa namna hiyo hauongezi uchimbaji kwa sababu fedha imepanda. Huangalia kwanza shaba yake au dhahabu yake. Matokeo yake ni kwamba mahitaji yakiongezeka ghafla, ugavi hauna namna ya kuyafuata kwa haraka, na bei ndiyo inayoubeba mzigo wote.

Upande wa wanunuzi, zaidi ya nusu ya fedha huishia viwandani: katika paneli za sola, vifaa vya elektroniki, magari na kazi za kuchomelea. Hapo ndipo fedha inapoachana na dhahabu. Uchumi wa dunia ukidorora fedha hupigwa kama shaba, na hofu ya mfumuko wa bei ikizidi hukimbiliwa kama dhahabu, na wakati mwingine mambo hayo mawili huvutana katika wiki moja. Machi 2020, viwanda viliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, ilihitajika zaidi ya wakia 120 za fedha kununua wakia moja ya dhahabu. Aprili 2011 zilitosha karibu 32. Wapo wanaoutazama uwiano huo kama saa ya ukutani inayowaambia wakati wa kununua. Mimi nauona kuwa kipimo cha mihemko ya soko tu, kwa sababu uliwahi kukaa juu ya 80 kwa muda mrefu bila kurudi popote palipotabiriwa.

Benki kuu nazo hazipo. Benki Kuu ya Tanzania inanunua dhahabu kwa ajili ya akiba ya taifa, na hivyo hufanya nyingine nyingi, ila fedha kwa kawaida haimo katika hazina zao, kwa hiyo soko linapoporomoka hakuna mnunuzi mkubwa mwenye subira anayesimama chini yake.

Anayebaki ni mlanguzi, anayenunua kwa kubahatisha kwamba bei itapanda, na historia yake inafaa kusomwa polepole. Nelson Bunker Hunt na ndugu yake William Herbert, matajiri wa mafuta wa Texas, walikusanya fedha na mikataba ya fedha katika miaka ya 1970 kwa kiasi ambacho bei, iliyokuwa kama dola 6 mwanzoni mwa 1979, ilikaribia dola 50 Januari 1980. Sehemu kubwa ya ununuzi wao ilikuwa ya mkopo. Tarehe 7 Januari 1980 COMEX iliweka mipaka mikali juu ya kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kushikilia kwa dhamana, yaani kwa kuweka sehemu tu ya pesa na kukopa iliyobaki, bei ikaanza kushuka, waliokopa wakatakiwa kuongeza dhamana, na tarehe 27 Machi, siku iliyopewa jina la Alhamisi ya Fedha, wakia iliuzwa chini ya dola 11. Mwaka 2011 mambo yalijirudia kwa sura nyingine: soko lilipandisha dhamana mara kadhaa katika siku chache za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na bei ikapoteza zaidi ya robo ndani ya wiki moja. Katika visa vyote viwili anguko lilichochewa na masharti ya soko yaliyobadilishwa wakati watu wengi wakiwa na deni. Aliyekuwa na sarafu alizozilipia taslimu aliumia kwa hesabu za karatasi, lakini hakuna aliyempigia simu kumdai.

Oktoba 2025 bei ilivuka rekodi ile ya 1980 na kupita dola 50, huku fedha ya kukabidhiwa ikiwa haba London na wanunuzi wa India wakiwa katika msimu wa Diwali. Atakayenunua baada ya mpando wa namna hiyo asome tena aya iliyotangulia.

Hatua ya tatu: Amua ni pesa ipi inayoingia humu

Fedha hailipi chochote ikiwa imekaa. Hati fungani ya serikali hulipa riba, mfuko wa pamoja hukua, nyumba hulipa kodi ya pango, na hata ng'ombe huzaa. Mkuo wa kilo moja utabaki mkuo wa kilo moja. Pesa inayofaa kuingia humu ni ile ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano au zaidi, baada ya kuweka akiba ya dharura na baada ya kulipa madeni yenye riba kubwa. Karo ya mwakani isiguswe. Kuhusu kiasi, sioni sababu ya mtu wa kipato cha kawaida kuweka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya akiba yake katika madini yote kwa pamoja, na ndani ya sehemu hiyo fedha iwe ndogo kuliko dhahabu, kwa sababu ya misukosuko niliyoieleza.

Tenganisha pia jambo hili na zile programu za simu zinazokuruhusu kucheza bei ya fedha kwa pesa ya kuazima. Ukiweka dola 100 na kuruhusiwa kushika nafasi ya dola 5,000, mabadiliko ya asilimia 2 dhidi yako yanatosha kumaliza mtaji wote, na fedha hubadilika asilimia 2 kabla ya chakula cha mchana bila mtu kushangaa. Hapo hujanunua madini. Umebahatisha mwelekeo wa bei, na hata ukipatia mwelekeo wa mwaka mzima unaweza kutolewa sokoni siku ya kwanza.

Kwa Muislamu kuna mambo mawili zaidi. Fedha ni miongoni mwa mali zinazotolewa zaka ya asilimia 2.5 kila mwaka zikifikia nisabu, ambayo ni dirhamu 200, sawa na takriban gramu 595. Pia wanazuoni wengi huhesabu kubadilishana pesa kwa fedha kuwa ni sarafu kwa sarafu, jambo linalotaka makabidhiano ya papo hapo, kwa hiyo kununua kwa mkopo au kwa kuletewa baada ya miezi kunahitaji kumuuliza mjuzi kwanza.

Hatua ya nne: Mtafute mnunuzi kabla ya muuzaji

Watu wengi huanza kwa kuuliza fedha inauzwa wapi. Anza na swali la pili. Nenda kwa masonara watatu au wanne wa mji wako, iwe Kariakoo, Mombasa au Mji Mkongwe, na uwaulize leo wangenunua gramu moja ya fedha ya 999, yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha tupu, kwa shilingi ngapi, kisha uwaulize kuhusu ya 925. Andika majibu na uyalinganishe na bei ya dunia ya saa hiyohiyo. Utagundua kwamba wengine hawanunui kabisa, wengine hutoa nusu ya thamani kwa kuwa kazi yao ni mapambo na wanakihesabu kila kinacholetwa kuwa chakavu, na huenda ukampata mmoja anayetoa bei inayokaribia soko. Huyo mmoja ana thamani kuliko wauzaji kumi.

Kama hakuna wa namna hiyo mjini kwako, fedha yako italazimika kuuzwa mahali penye soko kubwa, na Dubai ndiyo njia ya kawaida kwa watu wa pwani na wafanyabiashara wanaosafiri, kwa sababu huko kuna maduka yanayotangaza bei mbili waziwazi, ya kuuza na ya kununua. Aliye Uingereza, Ujerumani, Marekani au Kanada anao wauzaji wa namna hiyo karibu na nyumbani, na pengine ni busara kwake kununua na kuhifadhi hukohuko kuliko kusafirisha madini kuja Afrika Mashariki ambako atakosa mnunuzi.

Jihadhari na anayekujia na fedha ghafi kutoka machimboni. Tanzania biashara ya madini inahitaji leseni, na tangu 2019 kuna masoko rasmi ya madini. Bidhaa isiyo na karatasi za kutoka huko inaweza kutaifishwa ikiwa mikononi mwako, hata kama ni halisi. Nairobi na Kampala zina sifa mbaya ya muda mrefu ya utapeli wa dhahabu bandia, na mbinu zilezile za ada ya ghala na ada ya kibali cha kusafirisha hutumika pia kwa fedha.

Hatua ya tano: Chagua umbo

Mapambo yaondoe kwenye hesabu. Bangili ya 925 yenye uzito wa gramu 40 ina gramu 37 za fedha, yaani kama dola 59 kwa bei yetu ya mfano. Ukiinunua kwa dola 150, dola 91 ni za ufundi na duka, na sonara atakayeinunua kesho hatazirudisha. Ivae, ifurahie, lakini usiiite uwekezaji. Na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani hakina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Sarafu za uwekezaji za wakia moja zinajulikana kila mahali: Silver Eagle ya Marekani iliyoanza 1986, Maple Leaf ya Kanada ya 1988 yenye usafi wa 9999, Philharmonic ya Austria, Britannia ya Uingereza ambayo tangu 2013 ni ya 999, na Krugerrand ya fedha ya Afrika Kusini. Nyongeza yake juu ya bei ya soko ni kubwa, ila huuzika kwa urahisi na unaweza kuuza moja ukabaki na tisa. Mikuo ya gramu 100 hadi kilo moja kutoka viwanda kama Heraeus, Valcambi au PAMP ina nyongeza ndogo kwa kila gramu. Mikuo ya gramu 5 au 10 iliyofungwa vizuri kwa ajili ya zawadi ni ghali mno kwa uzito wake, na sarafu za kumbukumbu zenye rangi na sanduku la mbao ni za mkusanyaji, anayelipia uchache. Reale za Maria Theresa za 1780, zilizowahi kutumika Unguja na Oman na ambazo bado hupatikana katika masanduku ya mabibi, zina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa 833, yaani gramu 23.4 za fedha; ukirithi, zithamini kwa hesabu hiyo kabla mtu hajakushawishi kwa bei ya pipi au kwa bei ya makumbusho.

Ipo pia njia ya akaunti ya madini au mfuko unaouzwa katika soko la hisa la nje. Swali la kuuliza ni moja: mikuo imetengwa kwa jina langu na namba zake, au nina dai tu juu ya taasisi? Ya pili ni nafuu zaidi, na taasisi ikifilisika utapanga foleni na wadai wengine.

Hatua ya sita: Piga hesabu ya pengo

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Tuseme bei ya soko ni dola 50, sarafu inauzwa 56, na mnunuzi uliyempata katika hatua ya nne hutoa asilimia 3 pungufu ya bei ya soko. Ukinunua asubuhi na kuuza jioni unapata dola 48.50 na umepoteza 7.50. Ili urudishe pesa yako tu, gawanya 56 kwa 0.97, upate 57.73: bei ya soko inapaswa kupanda asilimia 15.5 kabla hujapata faida ya senti moja. Rudia hesabu hiyo kwa mkuo wa kilo wenye nyongeza ya asilimia 6 na mnunuzi yuleyule, na kiwango kinashuka hadi asilimia 9.3. Sasa rudia kwa sonara anayetoa nusu ya bei, na utaona kwamba sarafu ileile inahitaji soko lipande hadi dola 112, yaani zaidi ya maradufu, ili utoke bila hasara.

Ongeza kodi. Uingereza hutoza asilimia 20 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye fedha, ingawa dhahabu ya uwekezaji imesamehewa, na hiyo peke yake huweza kumeza faida ya miaka. Kinachofariji kidogo ni kwamba Britannia, kwa kuwa ni pesa halali ya nchi, haitozwi kodi ya faida ya mtaji ukiiuza. Falme za Kiarabu hutoza kiwango cha sifuri kwa fedha ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, ndiyo maana mkuo wa Dubai huonekana rahisi. Marekani, aliyeuza kwa faida baada ya zaidi ya mwaka anaweza kutozwa na serikali kuu hadi asilimia 28, juu zaidi ya hisa. Kwa anayeingiza Kenya au Tanzania, viwango vya kawaida vya Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 16 na 18, na ushuru wa forodha huangaliwa kando. Kabla ya kuagiza, waandikie KRA au TRA ukitaja kifungu cha 7106 cha jedwali la ushuru kwa mikuo na 7118 kwa sarafu, na uombe jibu la maandishi. Uwanja wa ndege tamka mzigo na uonyeshe ankara. Faini na kutaifishwa ni ghali kuliko ushuru wowote.

Baada ya hesabu hiyo, gawa ununuzi wako katika mafungu, kwa mfano fungu moja kila robo mwaka, ili kilele kimoja kisikumeze chote. Mafungu yasiwe madogo kiasi kwamba gharama ya usafirishaji inakula faida ya kugawa. Na siku utakayoona muuzaji ameishiwa bidhaa na nyongeza imepaa, acha fungu hilo lipite. Unapolipa nyongeza ya asilimia 30 unanunua msisimko wa watu wengine.

Hatua ya saba: Pima kabla ya kulipa

Nenda na mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia unene, sumaku kali ya neodimiamu, uzi mwembamba na glasi ya maji. Silver Eagle halisi ina uzito wa gramu 31.10 na kipenyo cha milimita 40.6. Ghushi ya shaba iliyopakwa fedha, ikiwa na kipenyo sahihi, italazimika kuwa nene zaidi ili ifikie uzito huo, na kalipa itaifichua.

Sumaku haivuti fedha, lakini kutovuta pekee hakutoshi, kwa kuwa haivuti shaba wala risasi pia. Ulaze mkuo mshazari, nusu ya njia kati ya kulala na kusimama, kisha uachie sumaku juu yake: kwenye fedha nene itateleza polepole kama inayoshikwa na asali, kwenye risasi itashuka upesi. Shaba nayo huichelewesha, kwa hiyo endelea na kipimo cha maji, ambacho ndicho kizuri kuliko vyote na hakigharimu kitu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ining'inize sarafu kwa uzi hadi izame yote bila kugusa kuta wala kitako cha glasi, tikisa kidogo mapovu yatoke, kisha usome. Sarafu ya gramu 31.1 ya fedha itaonyesha karibu 2.96, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.49. Shaba yenye uzito uleule ingeonyesha 3.47, na risasi 2.74. Muuzaji mwaminifu atasimama atazame na pengine aombe kujaribu mwenyewe. Anayekasirika kwa sababu ya glasi ya maji amekuokolea pesa.

Kadi ya plastiki yenye namba na nembo isikutulize peke yake, maana kadi nazo hughushiwa. Dai risiti yenye jina la duka, uzito, usafi, namba ya mkuo na bei.

Hatua ya nane: Hifadhi

Fedha ni nzito kwa thamani yake. Dola 10,000 kwa bei ya dola 50 ni wakia 200, zaidi ya kilo 6. Dhahabu ya thamani hiyo, wakia ikiwa dola 4,000, ni gramu 78 na inaingia katika mfuko wa shati. Kabati la nyumbani linatosha kwa sarafu chache tu, na watakaojua zilipo wawe wawili, wewe na mtu mmoja atakayewajibika usipokuwepo. Kwa zaidi ya hapo kodi sanduku la benki, ukijua kwamba benki nyingi haziweki bima juu ya vilivyomo, na bima ya nyumba mara nyingi ina kikomo kidogo kwa madini. Gharama ya sanduku iingie kwenye hesabu ya hatua ya sita kila mwaka.

Hewa ya pwani huifanya fedha iwe nyeusi kwa sababu ya salfa na unyevu. Weusi huo haupunguzi gramu, lakini kuusugua kwa dawa ya kung'arisha au majivu huacha mikwaruzo inayoshusha bei ya sarafu. Tumia vibweta vya plastiki ngumu, weka pakiti ya kukausha unyevu, na usifunge kwa mpira wa kufungia noti wala kuzungushia gazeti, kwani vyote viwili huchangia weusi.

Hatua ya tisa: Uza

Panga bei yako ya kuuza na uiandike kwenye daftari lilelile siku unaponunua, kwa shilingi, ukijumlisha pengo na kodi. Ikifikiwa, uza sehemu, kama theluthi, na uache nyingine. Uza masoko ya London na New York yakiwa wazi, kati ya Jumatatu na Ijumaa alasiri au jioni kwa saa zetu, kwa sababu mwishoni mwa wiki wanunuzi hupanua pengo lao kujikinga na bei ya Jumatatu. Bei ikiwa inapaa kwa kasi piga simu kwanza, maana wapo wanunuzi wanaosimamisha shughuli siku za namna hiyo, na wengine hushusha bei yao ya kununua wakiogopa anguko. Pima mbele ya mnunuzi kwa mizani yako na yake. Na akilipa kwa benki au kwa simu, usiachie mzigo kwa ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake. Subiri salio la akaunti yako lisome.